Malalamiko kuhusu majina ya wasanii walioshirikiana katika wimbo wetu

Mjini Magharibi,
Zanzibar.
17 Machi 2025

Meneja, Idara ya Usambazaji,
Kampuni ya Kusambaza Muziki Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUANDIKWA VISIVYO KWA MAJINA YA WASHIRIKI WA WIMBO ULIOTOLEWA TAREHE 7 FEBRUARI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, na mtunzi wa muziki wa wimbo ambao kampuni yenu iliupeleka kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki siku ya Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025. Naandika kwa niaba yangu na ya mwimbaji mwenzangu wa taarabu, ambaye ameisoma barua hii na kuiridhia kabla haijatumwa. Tumekwisha kuwapigia simu mara tatu na kuwaandikia mara mbili, na jibu tulilopata mara nyingi ni kwamba majina yetu yapo, kwani yanaonekana kwenye kava. Ni kweli yapo kwenye kava. Lakini kava ni picha, na tunachokilalamikia ni taarifa mlizozijaza katika fomu na kuzituma pamoja na wimbo, ambazo ndizo zinazosomwa na mitambo ya majukwaa hayo.

Kabla hatujaingia studio, sisi wanne tulikaa tukaandika karatasi ya mgawanyo na kila mmoja akatia saini. Tulikubaliana kwamba kijana wa bongo fleva, ambaye ndiye mwenye akaunti kwenu, na bibi wa taarabu, yule mwimbaji niliyemtaja, waandikwe kuwa wasanii wakuu wawili walio sawa, kwa sababu ubeti wa kwanza ni wa bibi, wa pili ni wa kijana, na kiitikio wanapokezana. Shairi ni lao wote wawili. Muziki niliutunga mimi. Prodyuza aliyetengeneza biti na kuchanganya sauti aandikwe kuwa prodyuza na mpangaji wa muziki. Katika haki za utunzi mimi nilipewa asilimia 40, bibi 30, kijana 20, na prodyuza 10 kwa mchango wake katika mpangilio. Nakala ya karatasi hiyo iliwekwa kwenye mfumo wenu siku ileile iliyowekwa masta, yaani rekodi iliyokamilika, na uthibitisho wa kupokelewa kwake tunao. Ni kiambatisho cha kwanza.

Wimbo ulipotoka, kwenye nafasi ya msanii lilikuwapo jina la kijana peke yake. Jina la bibi lilikuwa limechomekwa ndani ya jina la wimbo, katika mabano, baada ya herufi "ft." Nafasi ya mtunzi ilikuwa na jina moja tu, la prodyuza, ambaye alishtuka kuliko sisi na alinipigia simu usiku kuniomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Jina langu halikuwapo popote katika taarifa hizo.

Huenda afisa wenu aliona kwamba "ft." na "na" ni mitindo miwili tu ya kuandika jambo lilelile. Sivyo. Lugha yetu wenyewe imekwisha kuzitenganisha hali hizi mbili: kuna kushirikishwa na kuna kushirikiana. Aliyeshirikishwa ni mgeni aliyealikwa katika wimbo wa mtu mwingine; anaingia, anaimba kipande chake, anatoka, na wimbo unabaki kuwa wa mwenyeji. Walioshirikiana wana wimbo mmoja mikononi mwao wote. Hakuna aibu yoyote katika kushirikishwa, na bibi huyu ameshirikishwa katika nyimbo za wengine akaandikwa hivyo na akaridhika. Katika wimbo huu hakualikwa na mtu. Wazo la wimbo lilianzia barazani kwake, na mistari minne ya mwanzo aliiandika yeye kabla kijana hajaujua mradi wenyewe.

Majukwaa nayo yanatofautisha. Kuna nafasi ya msanii mkuu, ambayo inaweza kubeba zaidi ya mtu mmoja, kuna nafasi ya msanii aliyeshirikishwa, kisha kuna jina la wimbo, ambalo ni maandishi matupu. Jina la mtu lililochapwa ndani ya jina la wimbo haliunganishwi na ukurasa wake. Kwa sababu hiyo, wasikilizaji wanaomfuata bibi hawakupata taarifa kwamba ametoa wimbo, na anayefungua ukurasa wake hadi leo anakuta nyimbo za zamani tu, kana kwamba ameacha kuimba. Wiki za kwanza baada ya wimbo kutoka ndizo zenye uzito kuliko zote, na hizo zimekwisha kupita.

Tulipolalamika mara ya kwanza, mtu fulani katika idara yenu alijaribu kurekebisha, na marekebisho yale yakazaa kosa kubwa zaidi. Alimwongeza bibi katika nafasi ya aliyeshirikishwa bila kuuchagua ukurasa wake, na mfumo ukamuunganisha na mwimbaji mwingine mwenye jina kama lake, ambaye nyimbo zake zote ni za Kiarabu. Sasa kwa zaidi ya wiki mbili wimbo wetu umepamba ukurasa wa mtu tusiyemjua, ambaye huenda naye anashangaa kama tunavyoshangaa sisi. Zaidi ya hayo, jina lililokuwa kwenye mabano halikuondolewa, hivyo bibi anasomeka mara mbili katika mstari mmoja, na mara zote mbili si mahali pake.

Sasa nije kwenye utunzi, ambao unanigusa zaidi. Katika taarabu niliyolelewa nayo, ambayo hapa Unguja ina chama kilichoanzishwa mwaka 1905, watu hutenganisha mwenye shairi, mwenye muziki na mwimbaji, na si ajabu wakawa watu watatu tofauti kwa wimbo mmoja. Najua kwamba muziki wa dansi ulikuwa na desturi nyingine, ambapo jina la bendi liliwafunika wengi, na ndiyo maana hadi leo wazee wanabishana vibarazani ni nani aliyepiga gitaa la solo katika rekodi fulani ya Radio Tanzania. Bendi zile angalau zilikuwa na udhuru, kwa kuwa lebo ya santuri ilikuwa ndogo. Fomu yenu ina nafasi ya kutosha.

Kama mnavyojua, rekodi na utunzi ni vitu viwili. Rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, na malipo yake yanapitia kwenu. Utunzi husajiliwa kwa jina la mtunzi, na mirabaha yake humfikia kupitia taasisi za hakimiliki. Mimi nimesajili utunzi wangu COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa mgawanyo uleule tuliousaini, lakini taarifa mlizozituma zinasema mtunzi ni mwingine. Taarifa mbili zinapogongana hivyo, fedha huzuiwa hadi ubishi uishe, na katika jambo hili hakuna anayebishana na mwenzake miongoni mwetu. Ubishi umetengenezwa na fomu.

Kuhusu upigaji, sekunde 40 za mwanzo wa wimbo ni ganuni peke yake, na hakuna sauti nyingine hadi fidla inapoingia. Spotify ilianza kuonyesha watunzi na maprodyuza wa nyimbo mwaka 2018, na fomu yenu wenyewe ina safu ya wapiga ala, iliyoachwa tupu. Sidai kwamba jina langu likiandikwa hapo nitalipwa zaidi. Ujira wangu wa kupiga ulilipwa studio, na nimeridhika nao. Lakini sisi wapiga ganuni katika mwambao huu tu wachache, na kazi inayofuata humfikia mtu kwa sababu prodyuza wa mahali fulani ameisikia ganuni akataka kujua imepigwa na nani. Anayetaka kujua leo anakuta jina la mtu aliyetengeneza biti.

Sitairefusha barua kwa sheria. Nitawakumbusha tu kwamba Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1994, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata kama ameuza haki zake za kifedha, nasi hatujauza hata hizo.

Afisa wenu alitushauri kwa simu tuuondoe wimbo na kuupakia upya. Ushauri huo hatuukubali. Wimbo ukipakiwa upya kwa ISRC mpya utahesabiwa kuwa rekodi nyingine, hesabu ya waliousikiliza itaanza sifuri, na orodha ambazo wasikilizaji wameuweka zitaupoteza. Kilichokosewa ni maelezo ya wimbo, sauti haina kosa lolote, na maelezo hurekebishwa kwa kutumwa upya chini ya ISRC ileile. Majukwaa tumeyaandikia moja kwa moja, yakatujibu kwamba marekebisho lazima yatoke kwa msambazaji, yaani kwenu; majibu hayo ni kiambatisho cha pili.

Kwa hiyo tunaomba kijana na bibi waandikwe wote wawili kuwa wasanii wakuu, na bibi aunganishwe na ukurasa wake halisi, ambao anwani yake iko katika kiambatisho cha tatu. Jina la wimbo libaki peke yake bila mabano. Nafasi ya utunzi ifuate karatasi ya mgawanyo. Prodyuza atajwe kwa kazi aliyoifanya. Na safu ya wapiga ala ijazwe jina langu na la mpiga fidla. Tahajia za majina zifuatwe kama zilivyo katika kiambatisho, kwa kuwa herufi moja ikipungua mfumo humzaa mtu wa pili. Tunaomba pia taarifa ya mirabaha ya Februari na Machi, ikionyesha ni nani aliyeandikwa kuwa mtunzi na kama kuna malipo yoyote yaliyokwisha kutoka kwa msingi huo. Kijana na prodyuza wametia saini kukubali marekebisho haya yote.

Tunatarajia uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, tutapeleka shauri COSOZA na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kwa usuluhishi, tukiambatanisha mawasiliano yote tuliyofanya nanyi tangu tarehe 7 Februari.

Wenu katika kazi,

(saini)
Mpiga ganuni na mtunzi wa muziki

Nakala: mwimbaji wa taarabu; mwenye akaunti; prodyuza; mpiga fidla.