Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: alama tulizoipa kampuni ya dawa itokanayo na bakteria

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini, na paa la ghala mmeliona wenyewe limekamilika. Mimi nitasema jambo moja tu: kampuni ya bioteknolojia iliyojaribu dawa yake kwenye mikorosho yetu msimu uliopita sasa inataka tusaini mkataba.

Sababu ya kuikaribisha mnaijua. Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, unatusumbua Kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na dawa yetu imekuwa salfa. Mpulizaji anatoka shambani macho mekundu, nguo zinanuka wiki nzima. Watafiti walishaonyesha kuwa salfa ikipigwa mwaka hadi mwaka huongeza tindikali ardhini, na chini ya mikorosho hiyo hiyo ndipo tunapolima muhogo. Dawa ya hawa wenzetu inatokana na Bacillus subtilis, bakteria wa kawaida wa udongoni anayezuia kuvu. Kwa hilo tumewapa alama za juu bila kinyongo.

Walikuja pia na cheti cha B Lab, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2006 inayopima jinsi kampuni zinavyojali watu na mazingira, kuonyesha kuwa wamevuka alama 80 kati ya 200. Hatukukidharau. Lakini alama hizo ni jumla: utawala, wafanyakazi, jamii, mazingira na wateja vinatiwa kapu moja, na pengo la huku linazibwa na wingi wa kule. B Lab wenyewe wameliona hilo. Kanuni mpya walizotoa Aprili 2025 zimeachana na jumla, na kampuni inatakiwa ifikie kiwango katika kila eneo, na maeneo sasa ni saba. Kamati yetu nayo ikapima hivyo.

Taarifa ya kampuni ilisema vyombo vyote vya dawa vimerejeshwa. Tulipopita nyumba kwa nyumba, tulikuta dumu la bluu uani kwa mama mmoja, kibandiko kimebanduka nusu, limejaa maji ya kunywa. Maandishi yaliyobaki yalikuwa Kiingereza kitupu. Hapa Tandahimba maji ni shida, nani atatupa dumu zima? Simlaumu yule mama. Dawa ya leo ni bakteria, lakini kesho dumu la rangi ile ile laweza kuja na sumu. Kwenye vyombo na lebo wamefeli.

Wapulizaji walipewa barakoa na glavu, wakalipwa kwa wakati. Hapo wamefaulu.

Kubwa zaidi ni udongo. Vijana wa kampuni walichota udongo chini ya mikorosho mikongwe, wakautia kwenye vifuko vyenye namba, kutafuta bakteria wapya. Nilikuwepo. Nilishika mdomo wa kifuko kimoja kwa mikono yangu na sikuuliza neno, na kwa hilo nawaomba radhi. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyopitishwa mwaka 2010, inasimama juu ya idhini na mgawanyo wa faida pale viumbe wa nchi wanapochukuliwa kwa utafiti. Tulipoomba kuonyeshwa kibali na makubaliano, tuliletewa barua ya kutushukuru kwa ushirikiano. Bakteria aliyeishi kwenye mizizi ya mikorosho ya babu zetu akigeuzwa bidhaa, wajukuu zetu watauziwa kwenye chupa. Hapa tumewapa sifuri, na alama za kupunguza salfa haziwezi kuifuta.

Kamati inapendekeza tusisaini msimu huu. Milango tusiifunge: wakileta kibali na makubaliano ya sampuli, lebo ya Kiswahili, na fedha kidogo kwa kila dumu litakalorudishwa, tutawapima upya kabla mikorosho haijachanua. Fomu za alama anazo katibu, kila mwanachama aziangalie kabla ya kura.

Naomba tuanze kujadili.