Mbegu za malisho ziko makaburini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu malisho ya Isimani. Anayetoka Iringa mjini kwenda Mtera, akishaiacha Nduli, anajionea mwenyewe: vipara vya udongo, makorongo, na ng'ombe wanaolamba vumbi. Zamani huku kulisifika kwa mahindi. Tulilima mpaka ardhi ikachoka, kwato zikamalizia.

Misimu miwili iliyopita tuligawiwa mbegu za nyasi na mradi ambao sitautaja. Zilikuwa nyasi zilizozoea manyunyu ya milimani. Zilichipua vizuri Januari. Mvua ilipokata wiki tatu mwezi wa pili, zikakauka zote. Tukaambiwa kosa ni letu, hatukuzungushia miiba. Mimi nilizungushia.

Sasa nendeni makaburini kwetu, ambako mbuzi hawaingizwi. Zimesimama nyasi zenye suke kama mkia wa mbweha, ambazo wataalamu huziita Cenchrus ciliaris. Hakuna aliyezipanda. Tena mbegu za nyasi hizo hizo zilichukuliwa Dodoma, hapo ng'ambo tu ya Mtera, zikapelekwa Australia miaka ya 1930, na wafugaji wa huko wakazipanda kwa jina la Biloela. Sisi tunasubiri mifuko ya mbegu za kugawiwa.

Lakini kuzoa mbegu tu hakutoshi, nami nimelipa ada yangu. Mwaka wa kwanza nilivuna Machi nikapanda wiki hiyo hiyo, hazikuota. Bwana mifugo mmoja mstaafu akacheka, akachukua konzi moja akaifikicha kiganjani. Manyoya yalipopeperuka zikabaki punje nne. Nyingi ni makapi, akasema, na zenye kiini zikiwa mbichi hulala. Zihifadhi pakavu hadi mvua za mwaka unaofuata. Usizifukie sana, buruta tawi la miiba juu yake, basi. Na pale udongo ulipoganda, chimba kwanza kingo za nusu duara zinazotazama mlimani, la sivyo maji yatakwenda na mbegu zako.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuchagua. Shina kubwa la mwezi wa tatu halisemi kitu. Wakati huo kila nyasi ni nzuri. Kwa hiyo mwezi wa nane nilizunguka na vitambaa vyekundu, nikafunga kila shina lililokuwa bado na ukijani chini, hasa lililokwisha kung'atwa na mifugo likachipua tena. Mbegu zangu sasa hutoka kwenye hayo peke yake.

Ombi langu kwa watafiti wa mifugo walioko Uyole: shukeni Isimani na Pawaga, ila msije masika. Njooni Agosti. Na halmashauri itutengee hata ekari mbili za kuzalishia mbegu, kina mama wanaozivuna walipwe kwa kilo kama wanavyolipwa wauza ufuta.

Nina mashina kumi na tisa yenye vitambaa. Mtu akitaka kuyaona, nitamwonyesha.

Mfugaji,
Isimani, Iringa