Samaki mkubwa naye arudishwe majini

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi mmetoa barua ya msomaji anasema samaki hawawezi kuisha kwa sababu mmoja tu anataga mayai mamilioni, eti tukishawarudisha wadogo majini hao wakubwa tubebe tu. Nilicheka afu nikaudhika kidogo.

Mamilioni yapo kweli. Samaki anaitwa kodi (wa bahari za baridi, sio ile ya serikali) anayamwaga, ila akishamwaga anajiendea zake na karibu yote yanaliwa au yanakufa, hiyo ni bahati nasibu sio akiba. Sato wengi jike anataga machache anayafungia mdomoni mpaka yaanguliwe, na vitoto vikishtuka vinakimbilia humohumo. Papa wa Greenland ndo usiseme, wanasayansi wanakadiria jike anaanza kuzaa akiwa na miaka kama 150, sasa huyo ukimvua leo pengo lake anaziba nani na lini?

Lakini kilichoniuma zaidi ni hilo la wakubwa. Kodi jike wa kilo 30 anataga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbilimbili, na hao 28 ukiwapima wote ni kilo 56! Yaani bibi mmoja anawashinda wajukuu wote hao, halafu ndo huyo tunamkimbilia wa kwanza. Chewa nao wengi wanazaliwa majike, wanakuja kugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo ukibeba wakubwa tu umewaachia majike bila dume la maana, watataga lakini nani arutubishe?

Na ukivua wakubwa miaka na miaka wanaobaki ni wale wanaowahi kuzaa wakiwa bado vijidogo. Kodi wa Newfoundland kule Kanada walishaanza kupevuka mapema na wakiwa wadogo kuliko zamani, hiyo ni kabla uvuvi wenyewe haujafungwa 1992.

Mi naona saizi iwekwe na kikomo cha juu pia, chini ya hapa rudisha, juu ya hapa rudisha, beba wa katikati, na kuna sehemu wanafanya hivyo tayari. Najua wavuvi watanuna, maana kupiga picha umemshika samaki wa katikati hainogi.

Msomaji wenu