Usinunue kiyoyozi kwanza

Kikwajuni, Unguja

Sahibu yangu Hamad,

Assalaamu alaykum. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi mwaka huu limetukamata vilivyo. Nisalimie wote nyumbani, na Bi Mkubwa mwambie dua zake zinafika.

Nimeisoma barua yako pamoja na vijana wangu, maana swali lako ni lao pia. Umeuliza kama ni kweli kompyuta ya gemu inaweza kupozwa kwa maji, na kama hapo Wete unaweza kuitengeneza bila kuagiza kitu Dubai. Ni kweli, na unaweza. Na kabla hujatoa fedha za kiyoyozi cha hicho chumba chako cha gemu, tupige hesabu pamoja.

Umesema unataka mashine nne chini ya bati. Chukua prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ya aina ya i7-4790, hizi zinazotoka kwenye kompyuta za ofisi za mtumba: kiwanda kimeipima kwa wati 84. Kadi ya picha ya GTX 1060 ni wati 120. Tia mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta), diski na hasara ya pawasaplai (kisanduku cha kuilisha umeme), mashine moja inayocheza gemu zito inafika kwenye wati 250 hivi. Na umeme wote huo, yakhe, unageuka joto. Mashine nne ni kilowati nzima: ni kama uwashe pasi asubuhi uiache mpaka isha, na vijana wamekaa kuizunguka. Feni haitoi joto hilo chumbani, inalizungusha tu. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kitalimudu, lakini utalipa umeme mara mbili, wa kulileta joto na wa kulifukuza.

Maji yanalifukuza kwa bei ndogo sana. Pampu inayazungusha: yanapita kwenye kipande cha shaba kilichokaa juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kulitua kwenye rejeta, kisha yanarudi. Kupandisha gramu moja ya maji digrii moja kunahitaji joto karibu mara nne ya gramu ya hewa, na lita ya maji ina uzito zaidi ya mara mia nane ya lita ya hewa. Pampu ikipitisha lita nne kwa dakika, wati 200 za prosesa na kadi haziyapandishi maji hata digrii moja kutoka yanapoingia mpaka yanapotoka. Ndiyo maana mpira wa nusu inchi unatosha kulibeba joto lote, ukapita dirishani, ukalitua nje. Hapo ndipo ninapotaka ukazie macho. Wengi wanaotengeneza mashine za maji huifunga rejeta ndani ya kasha, kwa hiyo chumba kinabaki na joto lilelile. Yangu nimeitundika nje ya dirisha, chini ya upenu, upande usiopigwa na jua la mchana. Chumba kinapumua.

Rejeta yenyewe ni hita ya gari. Magari tunayoletewa kutoka Japani yote huja na hita, ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi ya kupashia abiria joto wakati wa baridi. Kwetu nani anaiwasha? Gari likishakufa, hita huwa haijachakaa na hakuna anayeitaka, na kwenye gereji za Mwanakwerekwe wanakupa kwa bei ya chuma chakavu. Wala si jambo la kubuni mimi. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya maduka kujaa vifaa vya kupozea kwa maji, watu walikuwa wakizisaka hita za Pontiac Bonneville ya 1977 kwa kazi hii hii.

Ila chagua kwa makini. Hita za magari ya zamani ni za shaba, nyingi za magari ya siku hizi ni za alumini. Ikwaruze kidogo kwa msumari: ikitoka rangi ya njano au nyekundu, chukua, ikitoka nyeupe, iache. Mzee mmoja fundi wa mashine za boti pale Malindi ndiye aliyenifahamisha sababu, na aliifahamisha vizuri kuliko nilivyowahi kuisoma popote. Akanionyesha kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine ya boti ili bahari ikile chenyewe na kuiacha mashine. Metali mbili tofauti zikigusana na maji yenye chumvichumvi, ile dhaifu huliwa. Shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja wa maji ni hivyohivyo: alumini itatoboka. Basi amua kwamba kila kinachoguswa na maji kiwe shaba, nyekundu au ya njano, na usilegeze hapo.

Ndani hita huwa na uchafu wa kulanti ya zamani, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Nilitia maji moto ya ukwaju, yale yale ya kusugulia dele za kahawa, nikayaacha yakae, nikayamwaga yametoka rangi ya kahawia, kisha nikasuuza mpaka maji yakawa safi kabisa. Usiache hata tone la ukwaju ndani, ni asidi.

Sasa kazi tamu kuliko zote: kile kipande kinachokaa juu ya prosesa. Tafuta shaba nyekundu nene. Yangu imetoka kwenye swichi kubwa ya umeme iliyong'olewa jengoni, ile fito bapa ya ndani, unene wa milimita nane, nikakata mraba wa sentimita tano. Ibane kwenye jiriwa, halafu kwa msumeno wa chuma chora mifereji ya sambamba, kina cha milimita tano, ubaki na milimita tatu chini. Msumeno utatokea kwenye kingo mbili, basi ncha za mifereji zitazibwa baadaye, na ndani malizia kwa tupa nyembamba. Ni kazi ya mkono na haina haraka. Kila mfereji unaongeza eneo ambalo maji yatagusana na shaba, na eneo hilo ndilo linalopoza. Ukimaliza, shika kipande mwangani, utaona kuta nyembamba za shaba zimejipanga, na unga mwekundu umekujaa vidoleni.

Juu yake weka bamba la shaba ya njano lenye vipande viwili vya bomba, pa kuingilia maji na pa kutokea, kisha mpelekee fundi wa mafriji alihemu ukingo mzima pamoja na ncha za mifereji. Risasi laini inatosha, kwa kuwa maji yenyewe hayatafika hata digrii 50. Fundi wa mafriji usimbadilishe na wa mageti: huyu wa mafriji maisha yake yote anafunga shaba isivuje.

Upande wa chini, unaogusa prosesa, lazima uwe bapa kweli. Laza msasa juu ya kioo cha dirisha, tia maji na sabuni kidogo, uzungushe kipande kwa mwendo wa namba nane, ukianza na msasa wa 240, halafu 400, umalize na 1000. Simamisha ukingo wa rula juu yake uelekee taa. Ukiona mwanga unapenya, rudi kwenye msasa. Skrubu na springi za feni ya asili ya prosesa usizitupe, ndizo zitakazokibana kwenye matundu yale yale. Kadi ya picha ichongee kipande chake, lakini chipu ndogo zilizoizunguka bado zinataka upepo, basi ibakishie feni moja ya kuzipulizia.

Pampu nimeitoa kwenye Prius iliyogongwa, ile gari ya Toyota ya petroli na umeme: ni pampu ya umeme inayozungusha kulanti ya inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota. Ni ya volti 12, kwa hiyo inakula moja kwa moja kwenye pawasaplai ya kompyuta, na imetengenezwa kukimbia saa zote ambazo gari liko barabarani. Ile ya kurushia maji kwenye kioo cha gari usiiguse, hiyo ni ya sekunde chache tu. Ikalishe juu ya kipande cha sponji ya godoro, hutaisikia. Na kila mashine iwe na pampu yake na mzunguko wake. Najua utashawishika kuunganisha zote nne kwa pampu moja, lakini siku ikifa, chumba kizima kimelala.

Maji ya bomba hapana. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa, tazama tu ndani ya birika. Tia maji ya betri yaliyosafishwa, uchanganye na kulanti ya gari kidogo ili isiote kutu wala ukungu. Soma chupa kwa makini, maana kwenye vituo vya mafuta asidi ya betri hukaa rafu moja na maji ya betri, na chupa zinafanana.

Halafu jaribu bila kompyuta. Kwenye kile kiunganishi kikubwa cha pawasaplai gusanisha waya wa kijani na mweusi wowote, itawaka yenyewe, nawe uwe umechomeka pampu peke yake. Tandika tishu chini ya kila kiungo, iache izunguke usiku na mchana. Tishu ikilowa utaiona mara moja, na hakuna kilichoharibika.

Viko vitu viwili ambavyo nakuomba usivinunue vya jalalani hata kama umebanwa: pawasaplai na mipira. Pawasaplai mbovu inaweza kuchoma nyumba, na mpira mkavu utapasuka kwenye klipu. Mengine yote yamo kwenye vyuma chakavu. Mwaka 2022 peke yake dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelewa vizuri haikufika robo. Shaba tunayoitafuta iko humo, na nyingine inaishia kuchomwa moto ufukweni ili waya uvuliwe plastiki, moshi wote vifuani mwa watoto. Hili linaniuma sana, Hamad. Nataka vijana wa Wete wanaokuja kucheza kwako waone kwamba kitu hiki kimetoka kwenye kile walichozoea kukiona kinaungua.

Umeniuliza pia juu ya barafu. Usitie. Hewa ya digrii 31 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ndiyo hewa yetu, huacha umande kwenye kitu chochote kilichoshuka chini ya digrii 26. Ukiyapoza maji kwa barafu, mipira na shaba vitatoka jasho juu ya mazabodi. Rejeta peke yake haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa, na hiyo ndiyo salama yako.

Matokeo basi. Leo mchana chumbani ni digrii 31. Kwa feni ya zamani prosesa hii ilikuwa ikipanda mpaka 95, inapiga kelele na kusuasua. Sasa vijana wamemaliza ligi nzima ya mpira na imesimama kwenye 66, kadi kwenye 58. Nakwambia ukweli, kama ingekuwa mashine moja kwenye ukumbi wenye upepo, feni kubwa nzuri ingetosha na nisingekusumbua na msumeno. Kwa chumba chako na mashine nne, maji.

Nijibu jambo moja kabla hujanunua chochote. Hizo kompyuta ulizopata ni aina gani? Kama ni Dell OptiPlex 9020, mazabodi yake haina tundu la kawaida la pini 24, ina la pini 8, na utahitaji waya wa kubadilishia ili ukubali pawasaplai nyingine. Zipige picha ndani, unitumie. Hita mbili za shaba ninazo tayari, zimeshasafishwa. Nitampa shemeji anayesafiri kwa boti ya Mkoani Jumamosi, uende ukampokee.

Wasalaam,
ndugu yako Mussa