Bata bukini wanachelewa nyumbani kwao

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya ndege wa maji imesema mambo mawili ambayo tunaomba yarekebishwe. La kwanza, kwamba wale bata wakubwa weusi wa mabonde ya mto Lufira, huku Katanga, wanatoka Ulaya. La pili, kwamba joto la dunia ni neema kwa bata bukini wa Kaskazini, kwa kuwa theluji inawahi kuyeyuka na nyasi zinawahi kuota.

Tuanze na hilo la pili, ndilo zito. Chukueni bata bukini mwenye uso mweupe na shingo nyeusi. Wengi wao hukaa Uholanzi na Ujerumani wakati wa baridi, kisha mwezi wa tano huruka zaidi ya kilomita 3,000 hadi pwani ya Urusi iliyo Aktiki, yaani eneo la karibu na Ncha ya Kaskazini. Wenzao huenda visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwe. Hesabu ya jike ni hii: anataga mayai 4 au 5, karibu moja kwa siku. Anaatamia siku 24 au 25. Kinda anahitaji siku 40 hadi 45 ndipo aruke. Jumla ni siku 70 na kitu, na majira ya joto ya kule hayamwachii nyingi za ziada. Kiota kikiharibika, mwaka huo hana muda wa kuanza upya.

Sasa tazameni jani la nyasi. Linapochipua, theluji ikiwa ndiyo kwanza imeondoka, lina protini nyingi na nyuzinyuzi kidogo. Likirefuka linakuwa gumu, protini inashuka. Bata bukini hacheui kama ng'ombe. Chakula kinapita tumboni mwake haraka, kwa hiyo jani gumu linampita bila faida kubwa. Kinda aliyeanguliwa nyasi zikiwa changa ananenepa upesi. Aliyechelewa anabaki mdogo, na safari ya kurudi kusini inamshinda.

Joto linaharibu mpango hapo. Bata aliye Uholanzi hana njia ya kujua kwamba Aktiki imekwisha kupata joto. Akigundua akiwa njiani, anaongeza mwendo na kuacha vituo vya Baltiki na Bahari Nyeupe, ambako angekula na kujaza mafuta mwilini. Anafika mapema, lakini anafika mtupu. Yai linataka akiba. Kuatamia nako kunataka akiba, maana jike hutoka kiotani kwa muda mfupi tu, akafunika mayai kwa manyoya laini aliyojinyofoa kifuani, akala haraka na kurudi. Basi analazimika kula kwanza siku kadhaa kabla ya kutaga, na zile siku alizookoa angani zinaishia ardhini. Watafiti waliowafuata kwa vifaa vya setilaiti wameona matokeo: wanafika mapema kuliko zamani, hawatagi mapema kwa kiasi hicho, na makinda wengi zaidi wanakufa.

Makala haikukosea yote. Theluji ikikawia, jike hapati mahali pakavu pa kiota. Anataga mayai machache, au mayai yanayeyukia tumboni na mwaka unapita bure. Huko Svalbard, bata bukini mwenye miguu ya waridi hujenga viota vingi zaidi theluji inapoondoka mapema. Lakini kiota si kinda, na kinda si ndege aliyeruka.

Kuna na maadui. Kule Taimyr, Siberia, mbweha hula lemingi, panya wa nyanda za baridi zisizo na miti ambao huongezeka na kupungua kila miaka 3 au 4. Lemingi wakiisha, mbweha anageukia mayai ya bata. Mvua ikinyesha juu ya theluji katikati ya baridi, maji yanaganda kuwa sahani ya barafu, lemingi hawafikii chakula chao, na hasara inaishia kwenye viota. Svalbard adui ni dubu mweupe: barafu ya bahari ikipungua anashindwa kuwinda sili, mnyama wa baharini, anapanda visiwani, na miaka mingine anamaliza karibu mayai yote ya kisiwa.

Turudi Lufira. Yule mweusi mwenye mwiba kwenye bawa ni mwenyeji wa Afrika, na dume lake huweza kupita kilo 6. Wanaotujia kweli kutoka Ulaya ni kina mbayuwayu na keremkerem. Huyu wetu saa yake ni mvua. Mvua zikishika, jike anatengeneza kiota kwenye majani marefu karibu na maji na kuatamia kama mwezi mzima. Mvua zikianza halafu zikakatika wiki kadhaa, maji yanarudi nyuma, kiota kinabaki pakavu, na mbwa anakifikia kwa miguu. Zikija zote kwa mkupuo, kiota kilicho chini kinazama. Kiangazi kikiingia, anapukutisha manyoya ya mabawa na haruki kwa wiki kadhaa. Wakati huo maji mapana ndiyo kimbilio lake.

Tunaomba gazeti liwahimize wavuvi wa Lufira na wa maziwa ya Upemba waandike mambo manne: tarehe ya mvua kubwa ya kwanza, tarehe ya kuona makinda kwa mara ya kwanza, idadi yao kwa kila jike, na idadi wanaofikia kuruka. Wahesabu mara moja kwa wiki, asubuhi, mahali pale pale, wakiwa mtumbwini. Wasikaribie kiota, kwa sababu majani yaliyokanyagwa ni njia ya mbwa. Na dimbwi lisilo na kinda hata mmoja nalo liandikwe, pamoja na tarehe yake.

Wasomaji wenu wanaofuatilia ndege wa maji,
Lubumbashi