Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mafuta ya miti sawa, ila tuanze na maranda

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi. Nakuandikia hadharani kwa sababu hii ishu ya kutengeneza dizeli na ethanoli (pombe inayochomwa kwenye injini kama petroli) kutokana na miti inatuhusu wote, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, ila sheria ikikaa kimya kwenye swali moja tutaharibu.

Swali lenyewe, mti upi? Maranda, mabanzi na matawi yanayobaki msituni baada ya kuvuna yangeoza au yangechomwa tu, hewa ukaa yake ingetoka vilevile, kwa hiyo ukiyageuza mafuta umepunguza dizeli ya kisimani bila kuongeza mzigo. Lakini mti mzima wa miaka 60 ukiukata na kuuchoma kama mafuta leo hewa ukaa inatoka leo, na mche utakaoupanda pale utahitaji miaka mingine mingi kuivuta yote, sasa hiyo miaka yote ya katikati tunamdanganya nani kwamba tumepunguza?

Na hesabu zenyewe zina mtego jamani. Kwa utaratibu wa kimataifa hewa ukaa ya kuni haijumlishwi kwenye sekta ya nishati, inahesabiwa upande wa misitu, kule mti ulikokatwa. Ndiyo maana nchi inaweza kuagiza kuni kutoka nje, ikachoma, na kwenye vitabu vyake vya nishati ikaonekana safi kabisa wakati msitu wa mwenzake umepungua. Hilo linaniuma sana.

Mfano mzuri upo. Pale Lappeenranta, Finland, tangu 2015 kuna kiwanda kinatengeneza dizeli kwa mafuta mazito yanayobaki viwanda vikipika mbao kupata malighafi ya karatasi, yaani mti haukukatwa kwa ajili ya dizeli. Mfano mbaya nao upo, kiwanda cha ethanoli ya mbao cha Soperton, Georgia kule Marekani, kilifungwa 2011 baada ya kumeza pesa nyingi za serikali. Mbao ni ngumu kuvunja mheshimiwa, karibu robo yake ni lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao, ambayo chachu ya kutengenezea ethanoli haiili, na ikiwa mbichi karibu nusu ya uzito ni maji, sasa ukiisomba mbali kwa malori na kuikausha unakula faida yote njiani.

Kwa hiyo naomba sheria iandike wazi: ruzuku ni kwa mabaki tu, kiwanda kikae karibu na mabaki yalipo, na kila lita ihesabiwe kuanzia msituni hadi kwenye tangi. Na sio matawi yote yasombwe, mengine yabaki yaoze, udongo unayahitaji.