Mbu wa kwa bibi yako

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mbeya baridi imekaza, na bibi yako kule Kyela anakuulizia kila nikipiga simu.

Umeniuliza nawezaje kukaa kutwa nikipasua matumbo ya mbu. Ulikuwa na miaka miwili tulipolala kwa bibi yako ukashikwa na degedege usiku wa manane. Nilikubeba hadi zahanati mwili ukiwaka moto, macho yamegeuka. Tangu siku ile, mtu akisema "mbu ni mbu" simwelewi.

Mbu wawili waenezao malaria, Anopheles gambiae na nduguye arabiensis, wamefanana mno, hata hadubini haiwatenganishi kwa sura. Ila gambiae hupenda zaidi damu ya mtu na akishiba hutua ukutani humo humo ndani. Arabiensis humla hata ng'ombe, na mara nyingi huuma nje. Dawa ya kupulizia ukutani humpata yule zaidi kuliko huyu.

Kinachowaumbua ni kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Mbu ana jozi tatu tu. Jike akishanyonya damu nasubiri kama saa 25 mayai yafike nusu ya kukomaa, natoa ovari, yaani vifuko vya mayai, naziweka kwenye slaidi, nafunika kwa kioo chembamba na kubonyeza kwa kidole gumba. Nikizidisha nguvu, kromosomu zote zinasagika, kazi ya siku nzima imekwisha. Nikipatia, zinatandazika: nene, kwa kuwa zimejinakili mara nyingi bila kuachana, na zina mistari myeusi na myeupe kama mkeka. Mistari hiyo ndiyo ramani. Mtafiti Mtaliano Mario Coluzzi aliisoma miaka mingi, akaonyesha kwamba kuna vipande vilivyogeuka kichwa chini miguu juu, na vingine huendana na mbu wanaostahimili ukame.

Kuitafuta jeni, yaani sehemu ya kromosomu yenye agizo la urithi, unatia rangi kipande cha DNA yake, unakidondoshea kwenye slaidi, nacho kinamng'ang'ania mwenzake pale pale alipo. Jenomu ya gambiae, yaani urithi wake wote, ilipochapishwa mwaka 2002, vipande vyake vingi vilipangwa kwa njia hiyo. Jeni mojawapo ya usugu dhidi ya dawa ya vyandarua iko mkono wa kushoto wa kromosomu ya pili. Mimi mwenyewe nimeutazama mkono huo, mwanangu, nikakukumbuka wewe.

Likizo ukija tutashuka Kyela kukamata mbu. Tutawalisha jioni, na kesho yake jioni kiti cha hadubini ni chako. Njoo na sweta.

Mama yako